Kitako kipya kwa bunduki ya .375: kisa cha mwindaji wa Mbezi Beach

Mwenye bunduki ni mwindaji bingwa wa miaka 60 na ushei, mkazi wa Mbezi Beach, ambaye kuanzia Julai huwa Pori la Akiba Rungwa akiongoza wageni, na mvua zikianza hurudi nyumbani, mita mia chache kutoka baharini. Bunduki yake ni ya boliti, yaani komeo la chuma linalovutwa na kusukumwa kwa mkono ili kuingiza kila risasi, iliyojengwa kwa mfumo wa Mauser wa mwaka 1898, na hutumia risasi ya .375 H&H Magnum, ile ambayo Holland & Holland ya London iliitoa mwaka 1912 na ambayo ndiyo kaliba ya chini inayokubalika hapa nchini kwa kuwinda nyati. Kitako chake cha asili kilikuwa cha mti wa wolnati. Ninaposema kitako katika maelezo haya nina maana ya mwili wote wa mti, kuanzia sehemu inayokaa begani, kupitia shingo inayoshikwa na mkono wa triga, hadi mkono wa mbele unaobeba mtutu.

Alinijia mwezi Novemba akiwa na malalamiko mawili na kitako kipya ambacho tayari alikuwa amekinunua. La kwanza ni kwamba bunduki aliyoilenga vizuri kabisa hapa Dar es Salaam mwezi Juni ilipiga sentimita 12 kulia katika umbali wa mita 100 alipoijaribu tena Rungwa mwezi Septemba. La pili ni ufa wa urefu wa kidole kimoja uliotokea nyuma ya bodi ya chuma, yaani kiwiliwili kinachobeba boliti na kushika mtutu, pale shingo ya kitako inapoanza. Kitako kipya kilikuwa cha nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo, cheusi, chepesi, kilichoagizwa nje kupitia muuzaji mmoja. Akaniambia, “Mwanangu, wewe kifunge tu, mti umenichosha.” Nilimwomba anipe wiki moja kabla ya kufunga chochote, kwa sababu kitako kinachochaguliwa bila kujua cha kwanza kilikufa kwa nini hurithi ugonjwa uleule.

Kabla ya bisibisi kugusa skrubu, leseni ya bunduki ilikaguliwa na kazi yote ikafanyika katika karakana ya fundi silaha mwenye kibali, ambaye mimi hufanya naye kazi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 si ya kuchezea, na ingawa namba ya usajili imechongwa kwenye chuma, si kwenye mti, mmiliki alishauriwa kuuliza polisi kwanza kuhusu kubadilisha kitako na kuhusu kuagiza kingine. Alifanya hivyo. Nalitaja kwa sababu hapa mjini nimeona watu wakipeleka bunduki nzima kwa seremala wa samani ili apimie mti, jambo ambalo linaweza kumgharimu mmiliki leseni yake na kumtia seremala matatani bila kosa lake.

Tulipotoa chuma kwenye mti, mambo mawili yalijieleza yenyewe. Kwenye mfereji wa mkono wa mbele, ambamo mtutu hulala, upande wa kushoto, palikuwa na alama inayong'aa ya urefu wa sentimita 6, mahali ambapo mti ulikuwa ukiusukuma mtutu. Chini ya mtutu, sehemu ambayo jicho haliioni kamwe, palikuwa na mstari wa kutu wa rangi ya kahawia kama chai ya rangi, uliotokana na hewa ya chumvi na jasho lililonaswa humo ndani kwa misimu kadhaa.

Alama ile ya kung'aa ndiyo iliyohamisha shabaha. Mti hunywa na kutema unyevu kadiri ya hewa inayouzunguka. Asubuhi za masika unyevu wa hewa Dar es Salaam hupita asilimia 80 kwa urahisi, na mti uliokaa katika hali hiyo kwa wiki nyingi hufikia kiasi cha maji cha karibu asilimia 16 ya uzito wake mkavu, wakati katika hewa ya asilimia 40, kama ile ya mchana wa kiangazi kule bara, hushuka hadi karibu asilimia 8. Wolnati ikipoteza asilimia 8 za maji husinyaa kwa takriban asilimia 2 ukikata kinyume cha nyuzi zake, na kwenye mkono wa mbele wenye upana wa milimita 45 hiyo ni karibu milimita nzima. Kwa urefu wa nyuzi mti haubadiliki kwa kiasi cha kuhesabiwa, ila nyuzi zikiwa zimekaa mshazari, kama zilivyokuwa katika kitako hiki, mkono wa mbele haupungui tu bali hupinda. Ukapinda, ukauegemea mtutu, na mtutu ukapeleka risasi upande wa pili.

Ufa ulikuwa na sababu nyingine kabisa, na hapa ndipo mzee aliponisikiliza kwa makini zaidi. Chini ya bodi ya chuma, mbele, kuna jino nene linaloingia kwenye tundu la mti, na kazi ya jino hilo ni kupokea teke la bunduki na kulikabidhi kwenye mti mzima. Tulipaka jino hilo masizi ya kibatari, tukarudisha chuma mahali pake, tukakaza, tukatoa tena. Masizi yaliachwa kwenye kona moja tu ya tundu, kipande kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, na nyuma kabisa, kwenye mkia wa bodi, mti ulikuwa umebanana na chuma pasipo nafasi hata ya karatasi. Kwa maneno mengine, teke ambalo lingepokelewa na jino lilikuwa likipokelewa na mkia, na mkia una umbo la kabari. Kila risasi ilikuwa ikipasua mti kama shoka dogo.

Teke hilo si dogo. Kichwa cha risasi cha gramu 19.4 kinachotoka kwa kasi ya karibu mita 770 kwa sekunde, pamoja na gesi ya baruti inayokifuata, huirudisha nyuma bunduki ya kilo 4.2 kwa kasi ya karibu mita 5 kwa sekunde, sawa na nishati ya takriban jouli 49. Hesabu hii niliiandika kwenye karatasi mbele yake kwa sababu ndiyo inayohusu kitako cha nailoni moja kwa moja. Kitako hicho kilipunguza uzito wa bunduki hadi kilo 3.7, na kwa risasi ileile nishati ya teke hupanda hadi jouli 56 hivi. Mtu anayebeba bunduki kilomita 15 kwa siku ana haki ya kutamani wepesi, na sitamlaumu, lakini nusu kilo iliyoondolewa begani wakati wa kutembea hurudi begani wakati wa kupiga, na mwindaji bingwa hapigi mara moja akaishia hapo. Kazi yake ni risasi ya pili na ya tatu, zile za kumzuia nyati aliyejeruhiwa.

Uzito haukuwa kasoro kuu ya kitako kile. Nilikishika mkono wa mbele kwa kidole gumba na cha shahada nikabana kidogo, kikagusa mtutu. Kwa risasi ndogo za swala ulaini huo unaweza kuvumilika, lakini kwa bunduki ambayo huegemezwa kwenye fimbo tatu za kulengea ikiwa na mkanda umekazwa, mkono wa mbele unaonepa hukurudisha palepale ulipokuwa na mti uliopinda. Ndani, mahali pa jino palikuwa na tundu la plastiki tupu bila chuma wala epoksi nyuma yake. Sehemu ya begani ilikuwa na uwazi ndani, na tawi la mgunga likiiparuza hutoa sauti kama ya debe, jambo ambalo mtu wa mjini anaweza kuliona dogo, ila aliyewahi kumnyatia mnyama kwenye kichaka kikavu cha Septemba analielewa.

Kisha tulipima mwili wa mzee mwenyewe. Nalisisitiza hili kuliko jingine lolote kwa sababu ndilo linalorukwa. Urefu wa kitako hupimwa kutoka triga hadi mwisho wa mpira wa bega, na vitako vingi vya kiwandani huwa na sentimita 34 hadi 35 hivi. Cha nailoni kilikuwa na 35.5. Mzee ni mfupi, ana mikono ya wastani, na porini huvaa jaketi asubuhi. Nilimwomba afumbe macho, ainue bunduki tupu iliyokaguliwa mara mbili, aiweke begani kama angefanya kichakani, kisha afumbue. Mara tatu mfululizo mpira ulinasa kwapani, na alipofumbua macho alikuwa akiangalia mgongo wa darubini badala ya ndani yake. Kwa kitako cha zamani, chenye sentimita 34, jicho lilitua sawa kila mara.

Pia mahali pa shavu palikuwa juu mno. Kitako kile kilichongwa kwa mtu anayetumia darubini tu, wakati mzee huu ni mwaka wa thelathini anategemea vilengeo vya chuma akiingia kichakani, darubini akiwa ameing'oa na kuitia mfukoni. Ili aone vilengeo ilimbidi akandamize uso kwenye plastiki kwa nguvu. Bunduki ya .375 ikipiga teke huku mfupa wa shavu umekandamizwa hivyo, mpigaji huanza kuogopa bila kujua kwamba anaogopa, naye huvuta triga kwa kushtuka. Hakuna nailoni, mti wala kaboni itakayotibu hofu hiyo ikishaingia.

Kwa hiyo kitako kile, ambacho tulikuwa tumekiweka kwa majaribio tu, hakikufungwa. Mzee aliuma midomo, kwa kuwa fedha zilikuwa zimekwisha toka, na muuzaji hakukubali kukirudisha kwa hoja kwamba kinaoana na mfumo wa Mauser kama alivyotangaza. Kuoana kwa matundu ya skrubu ni kitu kimoja. Kufaa kwa kaliba, mtutu na mtu ni kitu kingine, na mnunuzi anapaswa kuuliza hayo yote kwa maandishi kabla ya kulipa: mtutu una unene gani, jino lina ukubwa gani, kuna jino la pili kwenye mtutu au hakuna, magazini ni ya kina gani.

Tulibaki na njia tatu za kufikiria. Faiba iliyotandikwa kwa mkono na epoksi, kama zile za kampuni ya McMillan ya Marekani, ni ngumu, haibadiliki kwa unyevu, na hapa Dar es Salaam mtu yeyote aliyeona boti za faiba zikidumu juani na majini anaijua sifa hiyo. Kwa bunduki hii ingefaa sana. Iliondolewa na bei yake, ambayo ni mara kadhaa ya ile ya njia nyingine, pamoja na miezi ya kusubiri ambayo ingetupeleka nje ya Julai. Fremu za alumini za wapiga shabaha hatukuzijadili kwa muda mrefu. Ni nzito mahali pasipotakiwa, na jua la saa nane mchana huzifanya zisishikike.

Njia ya pili ilikuwa ya nyumbani, na ninakiri kwamba moyo wangu ulikuwa huko. Mninga ni miongoni mwa miti yenye kusinyaa kidogo sana kuliko mingi inayotumiwa na maseremala duniani, uzito wake unakaribiana na wa wolnati, na Rungwa yenyewe imejaa miombo inamoota. Mpingo, ambao watu wengi huutaja kwanza kwa uzuri wake, huzama majini kwa uzito, na kitako kizima cha mpingo kingekuwa adhabu kwa mbebaji. Unafaa kupamba ncha ya mkono wa mbele na si zaidi. Tulizunguka Keko siku mbili tukitafuta ubao wa mninga wenye unene wa sentimita 6, nyuzi zilizonyooka kwenye shingo, na ukavu wa kweli. Uzuri wa rangi tuliupata mara nyingi, lakini nyuzi za mninga mara nyingi hupishana, na shingo ya kitako cha .375 haitaki nyuzi zinazotoka nje ya mti njiani. Ubao mmoja ulifaa kwa nyuzi, na kipimo cha unyevu kikasoma asilimia 19. Ubao wa unene huo unahitaji kukaa muda mrefu kivulini kabla ya kuchongwa, wala tanuri la haraka halimsaidii mtu. Tuliununua, tukaziba ncha zake kwa nta, ukawekwa juu ya kabati, lakini kwa msimu uliokuwa mbele yetu jibu lilikuwa hapana.

Tulichochagua ni kitako cha mbao zilizobandikwa: vipande vyembamba vya mti wa betula, kila kimoja takriban milimita 1.5, vilivyogandishwa kwa gundi na kukandamizwa. Watu hukifananisha na plaiwudi, nao hawakosei sana, isipokuwa kwamba katika vitako vingi vya aina hii nyuzi za vipande vyote huelekea upande mmoja, kwa urefu wa bunduki, na kipande kimoja kikitaka kupinda, cha jirani hukizuia. Huongeza uzito, bunduki ilifika kilo 4.4, na teke likashuka chini ya jouli 47. Kiliagizwa kikiwa hakijamaliziwa, kirefu kwa makusudi, na mahali pa shavu pakiwa na mti wa kutosha wa kupunguza.

Kitako cha namna hii kinapofika kiko nusu tu. Fundi alianza na masizi ya kibatari na patasi, akishusha chuma ndani ya mti kidogo kidogo kwa siku tatu. Akatia boliti mbili za kukatiza, yaani vyuma vinavyopita ndani ya mti kutoka upande mmoja hadi wa pili, moja nyuma ya jino na nyingine nyuma ya magazini, ili kuta za mti zisitanuke. Akachonga nguzo mbili za alumini kuzunguka skrubu, ili skrubu zikaze chuma dhidi ya chuma na unyevu usibadilishe mkazo. Nguzo hizi zinahitaji kipimo cha uangalifu mkubwa, kwa sababu zikiwa fupi kuliko inavyotakiwa, sanduku la magazini hubanwa kati ya bodi na kifuniko cha chini, bodi hukaa juu ya sanduku badala ya kukaa juu ya kitako, na risasi ya nne hukwama. Sanduku likitikiswa kwa kidole linapaswa kucheza kidogo, kama nusu milimita. La kwetu lilicheza.

Epoksi yenye unga wa chuma ilitiwa saa kumi na mbili asubuhi, kiyoyozi kikiwa kimewashwa tangu usiku, kwa maana katika joto la nyuzi 32 gundi ambayo maelekezo yake yanatoa dakika 40 huganda katika nusu ya muda huo. Chuma chote kilipakwa rangi ya viatu ili kisigandie humo milele. Uso wa mbele wa jino, pande zake na chini yake vilifunikwa kwa utepe, ili baada ya kuutoa, ni uso wa nyuma pekee unaogusa epoksi. Nyuma ya mkia wa bodi tuliacha nafasi ya milimita moja. Ni nafasi isiyopendeza macho, na mzee aliuliza kama haiwezi kuzibwa. Nilimwonyesha ufa wa kitako cha zamani, hakuuliza tena.

Mfereji wa mtutu ulisuguliwa kwa msasa uliozungushiwa bomba hadi noti ya shilingi 10,000 iliyokunjwa mara mbili ikapita kutoka ncha hadi kwenye chemba, pale risasi inapokaa, bila kugusa. Urefu ulikatwa ukafika sentimita 33.8 pamoja na mpira wa bega, kwa hesabu ya jaketi. Mahali pa shavu palipunguzwa mbele ya macho yake, kidogo kidogo kwa jioni mbili, hadi akifumbua macho anakuta vilengeo vimekaa mstari mmoja, na darubini ikafungwa chini kadiri boliti ilivyoruhusu. Kisha mti wote ulizibwa kwa mafuta na vanishi, ndani ya mfereji, ndani ya matundu ya skrubu, na chini ya mpira wa bega ambako nyuzi zimekatwa na maji huingia kwa urahisi kuliko kokote. Mbao zilizobandikwa zisipozibwa hunywa maji kama mti mwingine, na wanaozisifu kwamba hazihitaji chochote wanawapotosha wenzao.

Majaribio yalifanyika mwezi Juni. Risasi tano kwa darubini, mita 100, mtutu ukiachwa upoe kila baada ya risasi, zilikaa ndani ya sentimita 4. Tulifungua skrubu, tukatoa chuma chote, tukakirudisha na kukaza kwa niutoni-mita 5, na risasi tatu zilizofuata zikatua ndani ya kundi lilelile. Kwa vilengeo vya chuma, mita 50, akisimama na fimbo zake, alipiga nne haraka na kitambaa cha begani hakikuhitajika. Alipofika Rungwa mwezi Agosti alipiga mbili za kuhakiki kabla ya kumpokea mgeni, akanitumia picha ya karatasi: tofauti ilikuwa chini ya sentimita 2.

Kutu ndilo jambo ambalo kitako kipya hakikulimaliza. Nilimwekea ratiba ya kutoa chuma kwenye kitako mara mbili kila masika, kufuta chini ya mtutu kwa mafuta mepesi na kurudisha kwa mkazo uleule. Mwezi Aprili mwaka uliofuata, mvua ikinyesha wiki ya tatu, tulifungua pamoja barazani kwake. Chini ya mtutu palikuwa safi, isipokuwa doa moja dogo karibu na kilengeo cha mbele. Noti ilipita. Kipimo cha unyevu kilipowekwa juu ya kabati, ubao wa mninga ulisoma asilimia 16.